Walimu Wengi wa Adili: Kitabu, Ada na Amri katika Pwani ya Waswahili

Katika miji ya kale ya pwani, tangu Pate na Lamu mpaka Mombasa, Tanga, Bagamoyo na Unguja, mtoto hakuachiwa mwalimu mmoja tu wa kumwonyesha jema na baya. Asubuhi alipelekwa chuoni, akaketi mkekani na ubao wake mapajani, akaanza alifu na be, kisha akazipanda juzuu moja baada ya moja hata akahitimu; jioni alikaa karibu na baraza ya wazee, asiseme neno ila aulizwe, akajifunza kwa kutazama jinsi mkubwa aamkiwavyo, jinsi mgeni akaribishwavyo, na jinsi mtu mwenye murua azuiavyo hasira yake mbele za watu; na siku za kubaleghe zilipofika, msichana alikabidhiwa somo wake na mvulana alipitia mikononi mwa makungwi wa jando. Juu ya hao wote alikuwako kadhi, aliyehukumu kwa kitabu, na mshairi, aliyehukumu kwa ulimi, na wako walioiogopa hukumu ya mshairi kuliko ile ya kadhi.

Siku hizi mabishano ni mengi juu ya asili ya adili, kama imeshushwa kutoka mbinguni au imezaliwa na akili ya watu na haja yao ya kukaa pamoja kwa amani, na wenye kubishana humtaka msikilizaji achague upande mmoja na kuukana wa pili. Historia ya pwani haina jibu la kifalsafa kwa swali hilo, lakini ina ushahidi, na ushahidi wake, kwa kadiri niwezavyo kuusoma, ni huu: kwamba dini, ada na amri ya watawala vimekaa katika miji hii kwa karne nyingi kama majirani wa ukuta mmoja, kila mmoja akisikia yanenwayo kwa mwenziwe na mara kwa mara akimrudi, na kwamba dhuluma kubwa kuliko zote zilizotendeka hapa ilitendeka katika zama ambazo dini na ada zilinyamaza pamoja, na amri ya serikali ikachelewa kuja.

Waislamu wa pwani, ukiwatoa Waomani wa madhehebu ya Ibadhi na Wahindi wa Kishia, walikuwa kwa wingi wao wafuasi wa Imamu Shafi, na elimu ya fikihi ililetwa na kuhuishwa kwao na masharifu na maulamaa wenye asili ya Hadhramaut. Katika fikihi hiyo kila tendo la mja lina daraja yake miongoni mwa daraja tano, yaani faradhi, sunna, mubaha, makuruhi na haramu. Asiyezijua daraja hizo hudhani kwamba dini imeuzingira mwendo wote wa maisha kwa maamrisho na makatazo. Kumbe uwanja wa katikati, ule wa mubaha, ambamo mja ameachiwa ikhtiari yake, ni mpana mno, na ndimo ada ilimojenga makao yake. Maulamaa wenyewe walilikiri jambo hilo, kwa maana ni kanuni yao ya tangu zamani kwamba ada huweza kuwa mwamuzi pale ambapo maandiko hayakusema kinyume. Hivyo namna ya kumwandalia mgeni, siku za matanga, zawadi za arusi, nani atangulie kunawa na nani aketi wapi, yote hayo yalihukumiwa na wazee bila ya kufunua kitabu, na mtu aliyeyavunja hakupata dhambi bali alipata aibu, nayo ni adhabu nzito katika mji ambao watu wote hujuana.

Mfano ulio bora wa mafundisho hayo mawili kukaa katika kinywa kimoja ni utendi alioutunga Mwana Kupona binti Mshamu katika mwaka 1858, alipokuwa mgonjwa na mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, akamwandikia binti yake, Mwana Hashima. Humo mama anamwusia mwanawe ashike dini, faradhi na sunna, kisha papo hapo anaingia katika mambo ya ulimi, ya kauli ya kweli, ya adabu ya mke kwa mumewe na ya usafi wa nyumba. Na anamtajia radhi tano ambazo mwanamke hana budi kuzitafuta, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, katika safu moja isiyotenga amri ya mbinguni na adabu ya nyumbani. Kazi ile imependwa na kuhifadhiwa kwa haki, kwa kuwa ni sauti ya mama mwenye mauti mbele yake. Lakini katika nasaha hizo hizo umo wasia kwamba binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, na wasia huo umetolewa bila kusitasita, katika mfululizo mmoja na maonyo ya ucha Mungu. Msomaji wa leo aupitaye ubeti huo bila kusimama amekosa kuiona pwani ya wakati ule ilivyokuwa.

Kabla ya kulifikia jambo hilo la utumwa yafaa nieleze kwamba ada haikuwa mjakazi wa kitabu siku zote. Katika ndoa, sheria inatambua mahari, nayo ni haki ya mke mwenyewe. Ada ikaongeza kilemba cha baba, mkaja wa mama na ubeleko, mali ambazo kadhi hakuzidai, walakini posa isiyokuwa nazo ilirudi ilikotoka. Katika mirathi, kitabu kinampa binti nusu ya fungu la kaka yake; lakini katika miji ya Lamu na Pate ilikuwa ni desturi ya watu wenye uwezo kumpa binti nyumba aolewapo, mume akaja kukaa kwake, na mali ile ikadumu katika mikono ya wanawake. Katika kisiwa cha Ngazija desturi hiyo ilikuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa huko nyumba na mashamba ya ukoo hushuka kwa upande wa mama, na watu wa Ngazija, ambao wametoa wanazuoni wakubwa wa Afrika ya Mashariki, hawakuona kwamba kwa kufanya hivyo wametoka katika dini. Hiba na wakfu vilikuwa ndio milango ambayo ada ilipitia ikaingia ndani ya sheria bila kuibomoa. Mimi nahesabu jambo hili kuwa fahari ya watu wale, maana walielewa kwamba mwanamke asiye na paa lake mwenyewe hana kauli mbele ya mume dhalimu, nao wakaitafuta njia ya kumhifadhi.

Unyago ulikuwa na mvutano mwingine. Mafunzo yake yalikuwa ya siri, na nyimbo na ngoma zake ziliwaudhi wenye elimu ya dini, waliozihesabu kuwa mabaki ya ujinga. Hata hivyo mama aliyesali sala tano alimpeleka mwanawe kwa kungwi, kwa sababu yalikuwako mambo ya mwili na ya ndoa ambayo mwalimu wa chuo hakuyafundisha. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin katika mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na ambaye kalamu yake ilichangia sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten katika mwaka 1903, ameyaeleza hayo yote kwa utulivu, jando na unyago, uganga na pepo, ndoa na mazishi, pasipo kuficha na pasipo kuona haya. Na katika kueleza kwake hamna dalili kwamba mtu wa Bagamoyo wa zama hizo alijiona amegawanyika nafsi kwa kuwa na walimu wa namna mbili.

Sasa nije kwenye utumwa, maana hapa ndipo walimu wote walipopimwa.

Vitabu vya fikihi vilivyosomwa misikitini havikuruhusu kumtia utumwani mtu aliye huru, ila awe mateka wa vita vya jihadi vilivyopiganwa kwa masharti yake. Watu waliovamiwa katika vijiji vyao kandokando ya Ziwa Nyasa na katika nchi ya Manyema, wakafungwa minyororo, wakashushwa Kilwa na Bagamoyo, kisha wakavushwa kwa majahazi mpaka soko la Mkunazini, hawakuwa mateka wa vita vya namna hiyo, na mwenye elimu aliyetaka kulijua hilo hakuhitaji kusafiri mbali kulitafuta. Ni kweli kwamba kitabu kilikuwa na rehema zake: kumwacha huru mtumwa kulihesabiwa miongoni mwa amali zenye thawabu kubwa, na kulikuwa kafara ya makosa kadhaa, suria aliyemzalia bwana wake hakuweza kuuzwa tena, na bwana alipofariki alikuwa huru, na mtoto wa suria alikuwa muungwana mwenye nasaba kamili ya babaye, hata Seyyid Barghash mwenyewe, aliyetawala Unguja tangu 1870 mpaka 1888, alizaliwa na suria wa Kihabeshi. Wengi waliwaacha huru watumwa wao kwa wasia walipokaribia mauti. Lakini rehema hizo zilimshughulikia mtumwa aliyekwisha kufika. Juu ya njia iliyomleta zilikuwa kimya, na kila aliyeachwa huru nafasi yake ilijazwa na mwingine aliyetoka bara.

Ada nayo ilifanya kazi mbaya zaidi, kwa kuwa iliupanga utumwa daraja kwa daraja, ikaupa sura ya mambo ya kawaida. Alikuwako mjinga, aliyeletwa juzi na asiyejua lugha. Alikuwako mzalia, aliyezaliwa pwani. Alikuwako mtumwa wa shamba, na yule wa kibarua, aliyetoka kutafuta kazi mjini na kumletea bwana sehemu ya ujira wake. Viatu havikuwa vyao, wala wanawake wao hawakuruhusiwa kujifunika kama waungwana wafunikavyo. Hata adili yenyewe ilifanywa mali ya tabaka, kama ishuhudiavyo methali isemayo kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Maana yake vitendo vyema vilihesabiwa ni urithi wa waliozaliwa huru, na mtumwa alipotenda jema alishangaliwa, na alipotenda baya haikuulizwa sababu. Sijui dhuluma kubwa kuliko kumnyang'anya mtu uhuru wake, kisha kumwambia kwamba uungwana wa moyo nao si wake.

Wa kwanza kuikataa hukumu hiyo walikuwa ni watumwa wenyewe, na ni wajibu wa mwandishi kuwatanguliza hao kabla ya mabalozi na manowari. Walitoroka. Kandokando ya Witu na ndani ya nchi ya Wagiriama, kama pale Fuladoyo, watoro walijenga vijiji, wakalima, wakajilinda kwa silaha. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai, na katika mwaka 1888 mabwana wa Mombasa walipokuja kuwadai, walikutwa huko watoro zaidi ya 1,400, baadhi yao wamekwisha kuoa na kubatizwa. Fitina ile ikamalizwa na Kampuni ya Waingereza kwa kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati zao za uhuru. Watu hao hawakusoma Minhaji, kitabu cha fikihi, wala katiba ya nchi yoyote. Walijua tu kwamba wao ni watu.

Amri za watawala zilikuja taratibu mno. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, akisongwa na Balozi John Kirk na kutishiwa kwa manowari, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwavusha baharini. Na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana mahali pale pale palipokuwa soko. Katika mwaka 1890 Seyyid Ali bin Said alikataza kuuza na kununua. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed aliiondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba, lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, akaonyesha kwamba ana makao na njia ya riziki. Fidia alilipwa bwana, si yeye. Na masuria hawakuhesabiwa mpaka 1909. Pwani ya Kenya ilisubiri hata 1907, na Tanganyika, iliyotoka mikononi mwa Wadachi na kuingia mikononi mwa Waingereza, ilisubiri hata 1922. Tazama jinsi amri hiyo, ambayo wengi huisifu kwamba ndiyo iliyoondoa uovu, ilivyopimwa kwa mizani ya karafuu: wenye mashamba waliogopewa, watumwa waliambiwa wangoje.

Na hata ilipotimia, amri peke yake haikutosha. Wako waliopewa hati na serikali wakaipokea, kisha wakarudi kwa bwana wa zamani kumwomba awaache huru kwa ulimi wake, kwa kuwa waliamini kwamba uhuru wa mahakama ya Mzungu hauwahalalishii ndoa mbele ya Mungu; na wako makadhi waliokuwa bado wakitaka idhini ya bwana kabla ya kufungisha nikahi ya mtu ambaye kwa sheria ya nchi hakuwa na bwana tena. Serikali iliweza kuvunja mnyororo wa mkono. Ule wa nasaba na wa heshima haikujua hata ulifungwa wapi.

Aliyeujua alikuwa mtu wa dini. Sharifu Saleh bin Alwy Jamal al-Layl, ambaye watu wamemzoea kwa jina la Habib Saleh, alizaliwa Ngazija, akaja Lamu kijana katika nusu ya pili ya karne ya 19, akafariki huko katika mwaka 1936. Lamu aliyoikuta ilikuwa mji wa waungwana wenye majumba ya mawe, na elimu ya dini ilikuwa imefungiwa ndani ya koo chache. Mtumwa alifundishwa kiasi cha kumwezesha kusali, na zaidi ya hapo ilionekana ni hatari. Habib Saleh akafanya makao yake Langoni, kando ya mji, karibu na watu wa makuti, watumwa na wana wa watumwa na wageni wasiokuwa na ukoo, akawafundisha fikihi na tafsiri ya Kurani kama wafundishwavyo wana wa masharifu. Akawaletea maulidi ya Habshi, yaliyotoka Hadhramaut, yakasomwa kwa matari na kwa sauti za watu wengi pamoja, na msikiti wake wa Riyadha ukawa chuo kilichovuta wanafunzi kutoka pwani nzima. Wakubwa wa Lamu walimpinga, wakasema kwamba ameingiza ngoma msikitini na kuvunja murua wa mji. Na nadhani ngoma ilikuwa ni kisingizio, kwa sababu ngoma za arusi zao hazikuwaudhi kiasi hicho. Kilichowaudhi ni kuona mtoto wa mtumwa akiketi safu ya mbele, ameshika kitabu.

Jambo hilo lina uzito mkubwa kwangu, maana linawajibu wale wasemao kwamba dini siku zote ni mtumishi wa wenye nguvu, na wale wasemao kwamba marekebisho yote yalikuja kwa meli kutoka Ulaya. Maandiko ambayo Habib Saleh aliyafundisha Langoni ni yale yale yaliyosomwa katika majumba ya mawe. Alichokiongeza ni uamuzi wa kwamba yanamhusu kila mtu. Katika miaka hiyo hiyo mjini Unguja wanawake waliotoka utumwani walianza kuvaa buibui, vazi la sitara ambalo mama zao wasingeliweza kuota kulivaa njiani, na mabinti zao wakaingia chuoni. Hawakuitupa adili ya waungwana kwa kuwa ilitumiwa kuwadhalilisha, bali waliidai kuwa ni yao.

Katika karne ya 20 mjadala ulihamia katika magazeti. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa katika mwaka 1891 na ambaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki katika mwaka 1947, alianza kutoa Sahifa katika mwaka 1930 na Al-Islah katika mwaka 1932, naye akawaandikia Waislamu kwa lugha yao juu ya uvivu, israfu ya arusi na matanga, kuiga Uzungu bila ya kuchukua elimu ya Wazungu, na haja ya kuwasomesha watoto wa kike. Mwanafunzi wa njia hiyo, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, kadhi wa Unguja kisha wa Kenya, aliyefasiri Kurani nzima kwa Kiswahili ikatolewa katika mwaka 1969, alizidisha ukali juu ya bidaa, na miongoni mwa yaliyoshutumiwa na warekebishaji hawa yalikuwamo maulidi ya namna ile ile iliyowafungulia mlango watu wa Langoni. Kila upande ulikuwa na hoja. Mimi naona kwamba Sheikh Al-Amin alikuwa na haki aliposema elimu ndiyo itakayowatoa Waislamu katika unyonge, na kwamba watu wa Riyadha walikuwa na haki ya kujibu kwamba elimu ilikwisha kuanza kwao, kwa matari.

Nje ya misikiti zilikuwako sauti nyingine. Siti binti Saad, mwimbaji aliyezaliwa Fumba kisiwani Unguja kwa wazazi wa asili ya utumwa, alikwenda Bombay katika mwaka 1928 akarekodi nyimbo zake katika santuri, na baadhi ya nyimbo hizo ziliyataja hadharani matendo ya wenye fedha na hukumu za mahakama ambazo watu wa mtaa wa Ng'ambo waliziona kuwa ni za upendeleo. Yaani mwimbaji aliihukumu mahakama, na mji ukakaa kusikiliza. Si ajabu kwamba maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert, mtu wa Vibambani karibu na Tanga, aliyezaliwa katika mwaka 1909, akatumikia idara ya forodha kwa miaka mingi, na usiku akaandika. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu mwenye kusali, na tenzi mbili alizowatungia wanawe, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume, zinafuata nyayo za Mwana Kupona wazi wazi. Lakini alipotunga Kusadikika, kilichotolewa katika mwaka 1951, aliijenga nchi ya kubuni ambamo mshitakiwa hutetea haki kwa hoja ambazo Mkristo, Mwislamu, Mhindu na asiye na dini wote waweza kuzipima, na kipimo chake cha mwisho ni utu. Alikuwa akiwaandikia watu wa Tanganyika wa dini nyingi na makabila zaidi ya mia, ambao karibu wangekuwa taifa moja, naye aliona kabla ya wanasiasa kwamba taifa kama hilo litahitaji lugha ya adili ambayo hakuna atakayeihesabu kuwa ni ya wenzake. Hakuiacha dini ili kuipata lugha hiyo. Aliitoa ndani yake, akaiweka uwanjani.

Chama cha TANU kiliichukua lugha ile, kikaweka udugu wa binadamu wote mwanzoni mwa ahadi za wanachama, na Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki wa kuhudhuria misa kila siku, aliongoza serikali isiyokuwa na dini katika nchi ambayo watu wake wana dini. Katika mwaka 1963 Tanganyika ilizikusanya mahakama zake kuwa mfumo mmoja, mahakama za maliwali na makadhi zikatoweka; na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikaziweka chini ya paa moja ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya serikali, ikaamuru kwamba hata mume aliyekwisha kutoa talaka kwa kauli yake hana budi kupita katika baraza la usuluhishi. Sheria hiyo ilimpa mke sehemu ya mali iliyochumwa pamoja, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa ilhali ikamtaka kijana wa kiume afikishe 18, na katika kosa hilo dini, mila na serikali ziliafikiana tena bila ya kumwuliza binti.

Kenya ilishika njia nyingine. Mapatano ya Desemba 1895 baina ya Sultani wa Unguja na Uingereza yaliuacha utepe wa maili kumi wa pwani chini ya bendera ya Sultani pamoja na makadhi wake, na mapatano ya Oktoba 1963 yakaukabidhi kwa Kenya huru kwa sharti la kwamba makadhi wabaki. Wamebaki. Katiba ya mwaka 2010, baada ya ubishi mkali wa makanisa, imewatambua katika kifungu cha 170, wahukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, madhali pande zote ni Waislamu na zimeridhia kuhukumiwa nao. Sheria ya Mirathi iliyoanza kutumika katika mwaka 1981 ilitaka kuwafunga Wakenya wote kwa kanuni moja; Waislamu wakalalamika, na katika mwaka 1990 wakatolewa.

Mtu aliye mbali hudhani kwamba mahakama za makadhi ni ngome za wanaume. Lakini katika Mombasa, Malindi na Lamu wengi wa wanaofungua kesi mbele ya kadhi ni wanawake, na aghalabu hushinda. Mwanamke huja kudai matunzo ya watoto, au sehemu ya mahari ambayo haikulipwa, au fasakhi, yaani kuvunjiwa ndoa, kutoka kwa mume aliyemtupa. Kabla ya hapo amekwisha kupita kwa wazee wa pande mbili, ambao humshauri asubiri na kuficha aibu ya nyumba, kama ada ipendavyo. Naye amesubiri kadiri awezavyo, kisha ameona kwamba kusubiri kwake kunamnufaisha mkosaji peke yake. Kadhi humsikiliza, humwita mume, hufunua kitabu, na hukumu aitoayo hutekelezwa kwa nguvu za serikali, ambayo haikumwuliza mwanamke yule kama anasali.